Kizuri nacho hutembezwa

Mauzo ya mwanzo ya biashara changa, na mzigo wa moyo anaoubeba mwasisi wake

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, nayo iliwafaa mafundi na wakulima ambao kazi ya mikono yao ilijulikana kijiji kizima. Lakini katika zama hizi methali hiyohiyo imewaponza wengi wanaoanzisha biashara changa. Kijana huacha ajira, hukusanya akiba yake na mchango wa wazazi, hutengeneza programu ya simu, au sabuni, au unga wa lishe, kisha huketi akisubiri kizuri chake kijiuze. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita. Simu iliyokuwa ikiwekwa wazi mezani sasa inalazwa kifudifudi, kwa kuwa anayepiga ni mdai. Chakula cha usiku kinapoa. Mke anauliza, "Baba watoto, kuna nini?" Jibu ni lilelile kila siku: "Hakuna kitu."

Ndugu msomaji, makala haya yanazungumzia mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: namna mwasisi wa biashara anavyopata wateja wake wa kwanza, na namna anavyobeba msongo wa mawazo unaoambatana na kazi hiyo. Tumeyaweka pamoja kwa sababu nyumbani yanaishi pamoja. Mwenye kuogopa kwenda kuuza hukosa mapato, na mwenye kukosa mapato huficha, na mwenye kuficha huumia peke yake. Rai yetu ni moja: bidhaa yako ibebe mwenyewe mpaka mlangoni kwa mteja, lakini mzigo wa moyo usiubebe peke yako.

Magodoro matatu ya upepo

Tuanze na kisa kinachojulikana duniani kote. Mwezi Oktoba 2007, katika jiji la San Francisco nchini Marekani, vijana wawili waliosomea usanifu, Brian Chesky na Joe Gebbia, walipandishiwa kodi ya nyumba wasiyoweza kuilipa. Wakati huohuo wasanifu wengi walikuwa wanakuja mjini kwa mkutano, na hoteli zimejaa. Vijana wale walijaza upepo magodoro matatu, wakaahidi kifungua kinywa, wakawapokea wageni watatu kwa dola 80 kwa usiku. Huo ndio mwanzo wa kampuni ya Airbnb. Baadaye mwenzao wa tatu, mhandisi wa kompyuta Nathan Blecharczyk, akajiunga nao.

Anayesikia jina la kampuni hiyo leo hudhani kuwa tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mwezi Machi 2008 walizindua huduma yao wakati wa tamasha kubwa katika mji wa Austin, wakapata wateja wawili tu, na mmoja kati ya hao alikuwa Chesky mwenyewe. Mwaka huohuo walijulishwa kwa wawekezaji saba. Watano walijibu kwa kukataa, wawili hawakujibu kabisa. Waasisi wakaendesha maisha kwa kadi za mkopo, moja ikijaa wanafungua nyingine. Msomaji atakuwa amekwisha kuiona kasoro ya njia hiyo: deni la kadi huzaa riba, na riba humkimbiza mtu hata akiwa amelala. Hatukitaji kisa hiki ili kiigwe katika hilo.

Walipokwama kabisa, mwaka 2008 wakati wa uchaguzi wa rais wa Marekani, walibuni maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye majina ya wagombea wawili, Obama na McCain, wakayauza kwa dola 40 boksi moja. Wakapata kiasi cha dola 30,000. Chesky amesimulia kuwa mama yake alimuuliza kama sasa wamekuwa kampuni ya kuuza nafaka, na kwamba hakuwa na jibu la kumpa. Mzazi yeyote aliyewahi kumtazama mwanawe akihangaika na biashara isiyoeleweka anaijua sauti ya swali lile. Haikuwa dhihaka. Mama alitaka kujua mwanawe yuko wapi.

Mwanzoni mwa 2009 walipokewa na taasisi ya kulea kampuni changa iitwayo Y Combinator, iliyokuwa ikiongozwa na Paul Graham. Mapato yao wakati huo yalikuwa takriban dola 200 kwa juma. Graham aliwauliza wateja wao wako wapi. Wakasema wengi wako New York. Basi akawashangaa wanafanya nini California, akawahimiza waende waliko wateja. Wakapanda ndege, wakabisha hodi nyumba baada ya nyumba, wakaketi sebuleni mwa wenyeji wakiwasikiliza. Huko ndiko walikobaini jambo ambalo wasingeliona wakiwa ofisini: picha za vyumba zilizowekwa kwenye tovuti zilikuwa mbaya, zimepigwa kwa simu katika giza, na hakuna mgeni ambaye angelipia chumba asichokiona vizuri. Wakakodi kamera, wakapiga picha wenyewe. Haukupita muda mapato yakafika dola 400 kwa juma. Baada ya miezi mingi ya kutosonga, ile ilikuwa dalili ya kwanza ya uhai.

Tuzingatie kilichotokea. Huduma ilikuwa ileile na tovuti ileile. Kilichobadilika ni kwamba waasisi walitoka wakaenda, na walipokwenda walijifunza.

Mtindi wa Ulukaya

Kisa cha pili ni cha Hamdi Ulukaya, Mkurdi kutoka Uturuki, mtoto wa wafugaji waliotengeneza jibini na mtindi. Alifika Marekani mwaka 1994. Mwaka 2005, kwa fedha za mkopo, alinunua kiwanda cha mtindi kilichofungwa na kampuni kubwa ya chakula, katika kijiji cha South Edmeston, jimbo la New York. Akawaajiri wachache waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho, na kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja ilikuwa kupaka rangi kuta. Hapakuwa na bidhaa bado. Walihitaji muda mrefu wa majaribio hadi kuupata mtindi mzito alioutaka, nao ukaingia sokoni mwaka 2007 kwa jina la Chobani.

Oda ya kwanza ilitoka katika duka moja la Long Island. Hapa kuna mafunzo mawili ya mauzo. La kwanza: maduka makubwa ya Marekani hutoza fedha nyingi ili bidhaa mpya ipewe nafasi kwenye rafu, na Ulukaya hakuwa nazo. Badala ya kukata tamaa, alijadiliana nao alipe kidogokidogo kwa mtindi wenyewe kadiri utakavyouzika. La pili: alikataa mtindi wake uwekwe pembeni pamoja na vyakula vya kigeni, akasisitiza ukae palipo mitindi mingine ambayo kila familia huichukua. Mambo hayo mawili hayawezi kuamuliwa na kijana wa mauzo aliyeajiriwa jana. Ni mwenye biashara tu anayejua anachoweza kukitoa na asichoweza kukiachia.

Tena Ulukaya amesimulia kuwa siku za mwanzo namba iliyoandikwa kwenye kopo la mtindi ilikuwa yake, na kwamba aliwajibu wateja yeye mwenyewe. Katika muda wa takriban miaka mitano tangu kopo la kwanza kuuzwa, mauzo ya kampuni yalifikia dola bilioni moja kwa mwaka.

Wala jambo hili si geni kwetu. Sote tumelelewa na habari za Abdurrahman bin Auf (r.a.), aliyehamia Madina akiwa ameacha mali yake Makka. Mtume (s.a.w.) akamuunga udugu na Saad bin Rabii (r.a.), tajiri katika Ansari, ambaye alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka nduguye, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda mwenyewe, na akarudi na jibini kavu na samli. Hakuona kuwa kusimama sokoni na bidhaa ndogo kunamvunjia heshima.

Hesabu ya "hapana"

Kinachowazuia wengi kutoka si uvivu. Ni woga wa kukataliwa. Mtu aliyekesha miezi sita akitengeneza kitu hukiona kama sehemu ya mwili wake, na anayekikataa huonekana amemkataa yeye. Dawa ya woga huo ni hesabu, nasi tutatoa mfano.

Tuseme kijana ametengeneza programu ya kuwasaidia wenye maduka kutunza kumbukumbu za mauzo na madeni, kwa ada ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Anaingia Kariakoo na kutembelea maduka 20 katika juma moja. Kumi na moja wanamwambia hawana nafasi. Tisa wanamsikiliza. Wanne wanakubali kujaribu. Mmoja anaendelea na kulipa. Asiyeandika kitu atarudi nyumbani akiwa na kumbukumbu moja tu: nimekataliwa mara kumi na tisa. Mwenye daftari atarudi na maarifa: mteja mmoja anagharimu matembezi ishirini, nami ninayaweza ishirini kwa juma.

Sasa atazame mahitaji ya nyumba. Ikiwa familia yake inahitaji shilingi 400,000 kwa mwezi, basi anahitaji wateja 20 wanaolipa. Kwa mwendo wa mteja mmoja kwa juma, na ikiwa hakuna atakayeacha njiani, itamchukua majuma 20, yaani karibu miezi mitano. Hesabu hiyo inaweza kuwa chungu, lakini ina faida kubwa: inasemeka. Kijana anaweza kuketi na mkewe akamwambia, "Mama, nahitaji miezi mitano, na akiba tuliyo nayo ni ya miezi mitatu. Tufanyeje?" Hilo ni swali ambalo watu wawili wanaweza kulijibu pamoja. "Hakuna kitu" haliwezi kujibiwa na yeyote.

Katika daftari hilohilo aandike sababu ya kila aliyekataa, kwa maneno yake mteja. Huenda akagundua kuwa mwenye duka hashindi dukani, na anayeuza ni kijana wa kazi asiyetaka kumbukumbu zake zionekane. Hapo tatizo si ubaya wa programu. Ni kwamba anazungumza na mtu asiyestahiki kuzungumza naye, na juma lijalo atawatafuta wenye maduka saa za kufunga hesabu. Mwaka 2014 shirika la utafiti la CB Insights lilipitia maelezo ya kampuni changa 101 zilizokufa, na sababu iliyotajwa zaidi, kwa asilimia 42, ilikuwa kwamba soko halikuwa na haja na bidhaa zao. Ni heri kuyajua hayo juma la tatu kuliko mwaka wa tatu.

Tahadhari moja kuhusu jamaa. Shangazi akinunua sabuni ya mpwawe kwa kumhurumia, amefanya wema na atalipwa kwa wema wake, lakini hilo lisihesabiwe kuwa ni soko. Vivyo hivyo "hongera sana" za harusini na za kundi la familia kwenye simu. Kipimo cha mauzo ni mtu asiyekujua kutoa fedha yake, kisha akarudi mara ya pili. Na ndugu wanaotaka kusaidia, basi wasaidie kwa kulipa bei kamili na kwa wakati, kwa sababu bidhaa zinazochukuliwa kwa mkopo na jamaa ndizo zinazoua biashara changa nyingi kimyakimya.

Mzigo usioonekana

Hata atakayeyafanya yote haya hatasalimika na msongo wa mawazo. Mwaka 2015 Michael Freeman, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi uliohusisha wajasiriamali 242. Asilimia 49 kati yao walieleza kuwa wamewahi katika maisha yao kupatwa na angalau tatizo moja la afya ya akili, ilhali katika kundi walilolinganishwa nalo ilikuwa asilimia 32. Kwa hiyo mwasisi anayekosa usingizi asidhani kuwa yeye pekee ni dhaifu, au kwamba imani yake imepungua.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchakavu utokanao na msongo wa kazi wa muda mrefu kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Familia ikizijua alama hizo itaziona mapema. Aliyekuwa akisimulia wateja wake kwa furaha sasa anawatukana. Aliyekuwa akimaliza kazi kwa saa moja sasa anaishinda siku nzima ameikodolea macho. Mtu huyo haongezewi mawaidha ya kujituma. Anahitaji kupumzishwa na kusikilizwa.

Nyumbani pafanyweje?

Kwanza, mipaka iwekwe kabla ya kuanza. Mume na mke, au kijana na wazazi wake, wakubaliane kiasi cha fedha kitakachoingia katika biashara na muda wa kuijaribu, na kwamba ada ya watoto na kodi ya nyumba havitaguswa. Mpaka uliowekwa wakati wa utulivu humkinga mtu na maamuzi ya usiku wa dhiki.

Pili, fedha za biashara zitengwe na za nyumbani, hata kama ni kwa laini mbili za simu tu. Zinapochanganyika, kila mboga inayonunuliwa huonekana kama wizi wa mtaji, na kila mauzo huonekana kama faida.

Tatu, madeni na ushirika viandikwe. Qur'ani imeliwekea jambo hili aya ndefu kuliko zote, nasi bado tunaona haya kuandikiana na rafiki. Karatasi haiondoi uaminifu. Huulinda siku ambayo kumbukumbu za watu wawili zitatofautiana. Anayedaiwa na ameshindwa kulipa, amfuate mdai wake kabla hajafuatwa, amweleze hali na aombe muda. Nusu ya mateso ya deni yamo katika kujificha.

Nne, siku iwe na mwisho. Biashara asubuhi, jioni mahesabu, walisema watu wa mjini, na mahesabu yakiisha daftari lifungwe. Sala tano tayari zimeigawa siku yetu. Mwasisi azitumie kusimama kweli, simu ikiwa imezimwa, asiwe mwenye kurukuu huku akipiga hesabu za katoni.

Tano, awe na angalau mtu mmoja nje ya nyumba anayejua hesabu halisi: mfanyabiashara mtu mzima, mwenzake wa biashara, au mzee anayemwamini. Waasisi wa Airbnb walikuwa watatu, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu hawakuvunjika. Wengi hutufikia msikitini siku ambayo wadai wamekwisha kubisha hodi nyumbani, na mke anasikia kiasi cha deni kwa mara ya kwanza barazani, mbele ya majirani. Siku hiyo kinachouma zaidi si fedha. Ni miezi yote ya "hakuna kitu".

Kwa upande wa familia, maswali nayo yana adabu yake. "Umeuza ngapi leo?" ni swali la mdai. "Leo umekutana na nani, na amesema nini?" ni swali la mshirika. La pili humfungua mtu, la kwanza humfunga. Mke au mama asiyejua kompyuta anaweza kabisa kuusikiliza ukurasa wa daftari, na mara nyingi ndiye atakayeuliza jambo ambalo mtaalamu amelipita.

Na ikiwa usingizi umepotea kwa majuma, au mtu amejitenga na watu, au anatamka maneno ya kukata tamaa na uhai, asisubiriwe. Apelekwe hospitali akaonane na daktari, kama ambavyo angepelekwa kwa homa. Dua na tiba havigombani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya mwanzo tu, na kwamba fedha zikija moyo utatulia wenyewe. Maradhi ya korona yalipoingia mwaka 2020, Chesky, akiwa tayari mkuu wa kampuni inayojulikana dunia nzima, alishuhudia biashara yake ikipoteza takriban asilimia 80 ndani ya majuma nane, na mwezi Mei akatangaza kuwaachisha kazi watu wapatao 1,900. Aliyezoea kusema ukweli wa hesabu zake tangu kwenye magodoro matatu, siku kama hiyo ana pa kuanzia.

Basi kijana wetu aichukue bidhaa yake kesho asubuhi, atoke, atembelee maduka ishirini, na aandike. Lakini leo usiku, kabla ya yote, ageuze ile simu iliyolazwa kifudifudi, aketi na mwenzake wa maisha, amwonyeshe hesabu ilivyo. Allah aibariki biashara yake, na azihifadhi nyumba zetu.